Hamsa ishirini, kopo la risiti na Jiwe la Bismarck: jibu kwa kijana wa Kamanga

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni dereva wa bodaboda, kijiwe chetu kiko Kamanga, jirani na Jiwe la Bismarck. Tunabishana kila siku. Mmoja anasema Mjerumani alikuwa mkali lakini mwenye haki, na hata marehemu babu yangu kule Magu alikuwa akisema hivyo hivyo. Mwingine anasema umaskini wetu wote kauleta mkoloni. Wa tatu anatucheka, anasema uhuru tumepata 1961, tuache visingizio. Naomba unieleze: ukatili ulikuwa mkubwa kiasi gani huku kwetu Usukumani, achilia mbali Kongo na Songea? Na je, bado unatuumiza au tunajifariji tu? Halafu watalii huniuliza Bismarck alikuwa nani. Niwajibu nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na babu yako, maana naona ndiye shahidi mnayemtegemea pale kijiweni. Piga hesabu kidogo. Mjerumani aliondolewa Mwanza Julai 1916. Hata kama babu yako aliishi miaka 90 na amefariki juzi juzi, alizaliwa Mwingereza akiwa ameshazoea kiti. Mjerumani hakumwona, alihadithiwa. Na waliomhadithia walikuwa wakimpima Mjerumani kwa mkoloni waliyekuwa naye siku hizo, yule wa matuta na wa kupunguza ng'ombe. Mtu anayechapwa leo humsifu aliyemchapa jana.

Hiyo "haki" nayo nadhani najua ilitoka wapi. Mjerumani alikuwa mtu wa kuandika. Amri ya mwaka 1896 ilisema mwanamume asichapwe zaidi ya viboko 25 kwa mara moja, na kama amehukumiwa zaidi ya hapo, zipite wiki mbili kwanza ndipo amaliziwe. Mzungu awepo akishuhudia. Iandikwe daftarini. Hapo ndipo wazee walipopata lile neno lao, hamsa ishirini. Mtu alilazwa kifudifudi, askari wakamshika mikono na miguu, na mwingine akahesabu kwa sauti. Chombo chenyewe kilikuwa ukanda wa ngozi ya mnyama kiboko, uliokaushwa ukawa mgumu lakini unapinda, na jina la mnyama likahamia kwenye fimbo. Ulijua idadi yako kabla hujalala chini. Ukitaka kuiita hiyo haki, sawa. Katika madaftari yao wenyewe, kati ya 1901 na 1913, walioandikwa kuchapwa katika koloni zima ni zaidi ya watu 60,000. Wale waliopigwa na mabwana wa mashamba huko huko shambani, pasipo daftari, hawamo.

Sasa Usukumani. Ni kweli hapa hapakuwa na vita kama ya Maji Maji. Kule kusini, 1905 hadi 1907, majeshi ya Mjerumani yalichoma mazao na maghala mpaka njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 na mengine yanakaribia 300,000. Huku kwetu ukatili ulikuja umevaa nguo nyingine. Ulikuja na karani, meza na kitabu cha kodi.

Kodi ya nyumba ilianza 1898, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Vijana wengi hufikiri serikali ilitaka zile rupia. Ilizitaka, ndiyo, lakini zaidi ilimtaka mtu mwenyewe. Msukuma wa wakati ule alikuwa na ng'ombe, mtama na majembe yaliyofuliwa na wahunzi wa huku huku kanda ya ziwa. Rupia haikuwa na kazi nyumbani kwake. Ukimwambia lazima alete rupia, umemwambia lazima auze ng'ombe, au alime pamba, au aende kubeba mizigo na kukata mkonge. Asiyekuwa nayo alilipa kwa kuvunja mawe barabarani. Mwingereza alipokuja akaubakiza mpango ule ule, akabadilisha sarafu tu. Ndiyo maana vijana wa Kisukuma na Kinyamwezi walikwenda mpaka Tanga kwenye mkonge wakaitwa manamba. Neno lenyewe linajieleza: mtu ameandikishwa, amepewa namba, na kwa namba hiyo ndiyo anaitwa.

Baba yangu mzazi alikuwa na kopo la tumbaku ambalo hatukuruhusiwa kuligusa. Alipofariki, mwaka 1984, tulilikuta chini ya kitanda, limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Tulitegemea pesa. Ndani zilikuwa risiti za kodi, kuanzia alipokuwa kijana, zimekunjwa mara nne nne, nyingine wino umefutika kabisa. Kodi ya kichwa ilikuwa imefutwa na serikali yetu wenyewe tangu 1969, yaani miaka kumi na tano kabla hajafa. Nilimuuliza mama kwa nini hakuzichoma. Akanijibu, "Baba yako alisema serikali husahau kuwa umelipa."

Na hakukosea sana. Miaka hiyo hiyo ya 1980 kodi ya maendeleo ilianza, ikadumu mpaka ilipofutwa 2003. Wewe nadhani ulikuwa mdogo au hujazaliwa. Muulize baba yako, au mwanamume yeyote wa Mabatini aliyezidi miaka 50, habari za mgambo wa alfajiri na watu wazima kujificha kwenye mawe ya mlimani na blanketi lao. Namna ile ya kuzunguka nyumba gizani ukimtafuta mtu asiye na risiti haikubuniwa na mgambo wa Mwanza. Waliirithi. Hapo nimeshaanza kumjibu yule rafiki yako wa tatu, lakini nitamrudia.

Vita ya kwanza ya dunia niipitie haraka tu, ingawa iliua wengi. Wazungu walipigana wao kwa wao, mizigo ikabebwa na sisi, pande zote mbili. Kariakoo ya Dar es Salaam ina jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Hesabu yao wenyewe ya wapagazi waliokufa inazidi 40,000, wengi kwa kuhara na njaa, na waliokufa bila kuandikwa ni wengi. Wajerumani kwa wapagazi wao hawakuhangaika hata kuhesabu vizuri.

Kuna jambo jingine lililotokea ziwani ambalo watu wa Mwanza wengi hawalijui. Mwaka 1906 daktari Robert Koch, aliyekuwa amepata tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla, alikuja huku kutafuta dawa ya malale. Alipita hapa Mwanza, wagonjwa akawaona wachache, akavuka kwenda visiwa vya Sese upande wa Uganda. Tuelewane: malale yalikuwa yanaua kweli. Kandokando ya ziwa, upande wa Uganda na Busoga, yaliua zaidi ya watu 200,000 katika miaka ile. Watu walikwenda kwa Koch kwa miguu yao, wengine wakibebwa, kwa maelfu. Dawa aliyokuwa akiwachoma ni atoksili, ambayo ndani yake mna arseniki, sumu. Kipimo kidogo kilipoonekana hakimalizi vijidudu, akakiongeza. Wagonjwa wakalia maumivu, wengine wakatoroka kambini. Zaidi ya 20 wakapofuka macho yote mawili, wasione tena. Hawakuwa wameulizwa kama wanakubali kujaribiwa. Koch alirudi Ujerumani kwa heshima zote, na taasisi kubwa ya afya ya nchi hiyo ina jina lake mpaka leo. Nyinyi mlilisikia sana wakati wa korona.

Nimekusimulia hayo kwa sababu yanaonyesha kitu ambacho viboko vyenyewe havionyeshi vizuri. Mtu hakupigwa. Alikaribishwa, akapimwa, akaandikwa kwenye karatasi, na jambo kubwa kuliko yote katika mwili wake likaamuliwa na mwingine. Kwa maoni yangu, ukiniuliza ubaya wa ukoloni kwa neno moja, nitakwambia ni huo: kuamuliwa. Njoo sasa kwenye ng'ombe, maana hapo ndipo wazee wako wanapouma meno.

Kwanza ujue kwamba ng'ombe wa Usukuma walikuwa wameshateketea mara moja. Ugonjwa wa sotoka uliletwa pwani ya Eritrea na ng'ombe wa jeshi la Italia miaka ya 1880 mwishoni, ukashuka ukafika huku mnamo 1891. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki, katika kila ng'ombe kumi walikufa kama tisa. Malisho yalipokosa wa kuyala, vichaka vilirudi, na pamoja na vichaka mbung'o. Mjerumani alipojenga kituo chake Mwanza, mwaka 1892, aliwakuta watu waliokwisha kufilisika. Halafu akaandika kwamba wenyeji ni maskini.

Wasukuma wakajenga upya mifugo yao kwa muda wa miaka hamsini. Ndipo 1947 Mwingereza akaja na mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma. Ukiusoma kwenye makaratasi yao unaweza kuupenda. Udongo ulikuwa unachoka kweli, sehemu nyingine mvua ilikuwa inausomba kweli. Lakini sikiliza jinsi dawa ilivyotolewa. Kila kaya ichimbe matuta, na kati ya tuta na tuta iweke vikingio vya maji. Kila kaya ilime muhogo wa akiba. Maotea ya pamba yang'olewe na kuchomwa kabla ya tarehe fulani. Ng'ombe wapunguzwe, kila mwaka idadi fulani ipelekwe mnadani. Ukitaka kuhamisha ng'ombe, ukate kibali. Ukikosea, faini, ukishindwa faini, ndani.

Bwana shamba kijana kutoka Uingereza aliona ng'ombe kama mdudu anayekula majani. Mwenye ng'ombe aliona mahari ya mwanawe, deni analomdai shemeji, na chakula cha mwaka ambao mvua itakosa. Ng'ombe wengine hawakuwa hata wake, walikuwa wamepewa kutunza na jamaa wa kijiji cha mbali ili ugonjwa ukiingia zizi moja usimmalize mwenye mali. Mama yangu alikuwa akisimulia jinsi kaka yake alivyoambiwa apeleke ng'ombe watatu mnadani, wakati wawili kati yao walikuwa wameshatajwa kwenye mahari. Ndoa ilisogezwa miaka miwili. Ukimwuliza mjomba yule ukoloni ni nini asingekutajia Berlin. Angekutajia wale ng'ombe, kwa rangi zao.

Na aliyesimamia amri hizo hakuwa Mzungu, alikuwa mtemi. Jambo hili naliona zito kuliko faini zenyewe. Zamani mtemi wa Kisukuma alichaguliwa na wazee, na wazee hao hao waliweza kumwondoa mvua ikigoma au akijifanya mkubwa mno. Mwingereza, hasa kuanzia utawala wa Gavana Cameron miaka ya 1920, alimpa mtemi mshahara, mahakama na kazi ya kukusanya kodi. Tangu hapo mtemi akawa anamwogopa Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, wazee hawaogopi tena. Serikali ilipofuta utemi 1963, waliosikitika hawakuwa wengi, na hilo ni msiba kwa cheo kilichokuwa na heshima kama ile.

Usifikiri watu walikaa kimya. Pamba ndiyo iliyowaamsha. Mkulima alibeba mzigo wake mpaka kituo cha mnunuzi mwenye leseni, mahali alipopangiwa, bei ikiwa imeshapangwa, na mizani ikiwa ya mnunuzi. Ratili kumi hapa, ratili tano pale zinapotea. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima waliamua jambo rahisi mno: waweke mpimaji wao mwenyewe na mizani yao wenyewe kando ya ile ya mnunuzi, pamba ipimwe mara mbili. Kutoka kwenye mizani hiyo kikatoka chama cha wakulima kilichoongozwa na Paul Bomani, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika lililokuja kuwa miongoni mwa makubwa kabisa Afrika. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeizuia TANU kufungua matawi huku, lakini mizani haikuweza kuizuia. Mwaka 1958 watu wa Geita walikuja mpaka mjini Mwanza kupinga baraza walilolazimishwa, wakapigwa mabomu ya machozi. Mwaka huo huo amri za matuta na ng'ombe ziliachwa. Miaka kumi na moja ya faini ikaisha hivi hivi, bila hata kusema samahani.

Sasa kwa yule wa tatu anayewacheka.

Mwambie hivi: ni kweli walishaondoka. Lakini tazama waliyoyaacha yanavyotumika. Mwaka 1974, serikali yetu wenyewe ilihamisha watu kwa nguvu kwenda vijiji vya ujamaa, na huku kanda ya ziwa nyumba zilibomolewa, nyingine zikachomwa, ili wenyewe wasirudi. Mwaka 1976 ile ile serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika, vilivyozaliwa na mizani ya wakulima, kwa barua tu kutoka juu. Wakuu wa wilaya walipitisha amri za ekari za lazima za pamba na muhogo zilizofanana na za 1947 kama chapa. Mimi ni mtu wa uhuru, nimeimba nyimbo za uhuru nikiwa mtoto, na haya nayasema kwa uchungu: tulifukuza mtu aliyekaa kwenye kiti, kiti hatukukigusa. Hata shule nilizofundisha, mwalimu akiingia na fimbo tulisema ameingia na kiboko, na watoto walihesabiwa viboko kwa sauti. Mimi mwenyewe nilihesabu.

Ziwa nalo lina kovu lake. Miaka ya 1950 maofisa wa uvuvi wa serikali ya kikoloni upande wa Uganda walimwingiza sangara ziwani, ingawa mtafiti wao wenyewe, Michael Graham, alishaonya tangu 1929 juu ya hatari ya kuleta samaki mkubwa mla samaki kutoka kwingine. Sangara akatulia, miaka ya 1980 akalipuka. Mamia ya aina za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, yalitoweka au yakabaki kidogo sana; wengi hukadiria 200 au zaidi. Sitakudanganya, sangara ameleta ajira, ameleta viwanda vya minofu, ameleta mabondo, yaani vibofu vyake, ambayo bei yake unaijua kuliko mimi. Ila minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, na miaka ya 1990 watu wa hapa hapa ziwani wakawa wananunua mapanki, yaani mifupa na vichwa vilivyobaki viwandani. Mvuvi wa Ukerewe hakuulizwa, kama mgonjwa wa Sese.

Na yule wa pili, anayesema umaskini wote ni wa mkoloni? Anazidisha. Pamba iliyooza kwenye maghala miaka ya themanini haikuozeshwa na Mwingereza. Wizi wa vyama vya msingi niliushuhudia kwa macho yangu, na walioiba tuliwaita ndugu. Lakini reli ambayo wengi huitaja kama zawadi ya mkoloni, iliyofika Mwanza 1928, angalia inakwenda wapi: kutoka kwenye pamba kwenda bandarini. Mkoloni hakuwa na haja ya kuiunganisha Mwanza na Musoma, wala Musoma na Arusha, na sisi bado tunahangaika na njia alizozichora kwa haja zake. Mpaka wa Kenya ni vivyo hivyo. Mstari wa mwaka 1886 uliishia ufukoni mwa ziwa, wa 1890 ukavuka katikati ya maji, na Mkurya wa Tarime akaamka ana shangazi aliye nchi nyingine.

Ujerumani imeanza kukiri baadhi ya mambo. Novemba 2023 Rais wao, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba msamaha kwa yaliyofanyika wakati wa Maji Maji. Ni vizuri. Songea kuna makaburi na mnara, mgeni ana mahali pa kuweka shada. Kodi na matuta havina mnara, kwa hiyo huku hakuna aliyekuja.

Basi watalii wako. Waambie Otto von Bismarck alikuwa Kansela wa Ujerumani kuanzia 1871 hadi 1890. Ndiye aliyekuwa mwenyeji wa mkutano wa Berlin, Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885, ambako mataifa ya Ulaya na wenzao walikubaliana kanuni za kugombea Afrika, na hakualikwa Mwafrika hata mmoja. Siku iliyofuata, tarehe 27, kampuni ya Carl Peters, Mjerumani aliyekuwa akitafuta makoloni, ikapewa barua ya ulinzi ya Kaizari kwa ardhi za Afrika Mashariki. Cha kuchekesha, mzee mwenyewe hakuwa na mapenzi makubwa na makoloni. Aliwahi kumwambia mgeni wake kwamba ramani yake ya Afrika iko Ulaya. Hakuwahi kukanyaga bara hili, na hilo jiwe hakuliona hata siku moja. Hayo wape bure. Nauli ya kuwapeleka Capri Point ni mazungumzo mengine.